Triviamu: Hatua Tatu au Stadi Tatu za Neno?

Mzazi Mkristo anayeamua kuwasomesha wanawe nyumbani kwa utaratibu wa kiklasiki hakawii kukutana na neno la Kilatini trivium, ambalo kwa matamshi yetu ni triviamu. Kwa Warumi lilikuwa jina la njia panda, mahali njia tatu zinapokutana. Wasomi wa Ulaya wa Zama za Kati wakaliazima kutajia masomo matatu ya kwanza miongoni mwa saba yaliyomfaa mtu huru, yaani sarufi, mantiki na balagha. Manne yaliyobaki, hesabu, jiometri, muziki na falaki, mwanafalsafa Boethius alikuwa ameyapa jina la pamoja tangu mwanzoni mwa karne ya 6. Leo, hasa Marekani ambako vitabu vingi vya mfumo huu vinatoka, triviamu imebeba maana ya pili: hatua tatu za umri ambazo kila mtoto huzipitia. Kwa hiyo anayelifasiri neno hili kwa Kiswahili analazimika kuchagua upande. Naona tuseme stadi tatu za neno. "Hatua tatu" inakuja upesi mdomoni, lakini inamwelekeza mzazi kwenye kazi tofauti na ile aliyoikusudia.

Maana hiyo ya hatua ina chanzo kinachojulikana. Mwaka 1947 Dorothy Sayers, Mwingereza aliyesifika kwa riwaya za upelelezi na aliyeitetea pia imani ya Kikristo kwa kalamu yake, alitoa mhadhara Oxford kuhusu zana za kujifunza zilizopotea. Humo alizilinganisha stadi hizo na tabia za makuzi: mtoto mdogo hupenda kukariri kama kasuku, akikua kidogo hupenda kubisha na kuwakosoa wakubwa, kisha akibalehe hutamani kuyaeleza yaliyo moyoni mwake. Alisema wazi kwamba maoni yake juu ya makuzi yalitokana na kuukumbuka utoto wake mwenyewe. Mhadhara huo ukapata uhai mpya Marekani: mchungaji Douglas Wilson aliujengea kitabu mwaka 1991, na mwaka 1999 Jessie Wise na bintiye Susan Wise Bauer wakachapisha mwongozo wa wazazi wanaofundisha nyumbani, wakiigawa miaka 12 ya masomo katika mafungu matatu ya miaka minne minne. Mgawanyo huo umewasaidia wazazi wengi kupanga ratiba, wala sina sababu ya kuubeza. Ila kinachofaa kupangia ratiba si lazima kiwe ndiyo maana ya istilahi.

Tukirudi kwa walimu wa kale, ushahidi unaelekea kwingine. Quintilian, aliyefundisha Roma katika karne ya 1, alieleza kuwa sarufi ina sehemu mbili: kusema kwa usahihi na kuwafafanua washairi. Kazi hiyo inazidi kukariri. Inadai kusoma kwa makini, kupima kila neno na kutambua mwandishi amekusudia nini. Yeronimo, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, alikuwa mwanafunzi wa Donatus, mwanasarufi mashuhuri wa karne ya 4, na tafsiri aliyokuja kuifanya ukubwani iliudai ufundi wa namna hiyo. Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi inayoitwa leo Aljeria, alifundisha balagha Carthage, Roma na Milano kabla ya kubatizwa na, baadaye, kuwa askofu. Alipoandika juu ya mafundisho ya Kikristo, vitabu vitatu vya kwanza alivitoa kwa namna ya kuyaelewa Maandiko, na cha nne, alichokimaliza uzeeni, kwa namna ya kuyafikisha kwa watu. Kuelewa na kufikisha: huo ndio moyo wa triviamu, na askofu mwenye mvi aliuhitaji sawasawa na mtoto. Ni kweli kwamba shule za kale zilitanguliza sarufi, maana huwezi kuipima hoja usiyoielewa. Lakini utaratibu huo ulitokana na masomo yenyewe kutegemeana, na mantiki ilipoingia, sarufi haikufukuzwa.

Kwa nini stadi, na kwa nini za neno? "Sanaa" ingekaribia Kilatini, ila siku hizi inapeleka fikra kwenye uchoraji na maigizo. "Stadi" limekwisha kuzoeleka kwa walimu, na Tanzania kila anayefundisha darasa la kwanza anazijua stadi za KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ama "neno", wasomi wa Zama za Kati waliyaweka masomo haya matatu katika kundi la usemi, na yale manne katika kundi la vitu. Kwa Mkristo kuna faida zaidi, kwa kuwa Injili ya Yohana ya Kiswahili humwita Kristo Neno, na logos, neno la Kigiriki lililo nyuma yake, hubeba usemi na akili kwa pamoja.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba sarufi, mantiki na balagha ni maneno ya Kiarabu, yenye harufu ya madrasa. Lakini hata maneno injili, msalaba na sala yalitujia kwa mlango huohuo. Tena, huko Baghdad katika karne ya 10, Abu Bishr Matta, Mkristo, alizitafsiri kazi za Aristotle kwa Kiarabu, akajadiliana hadharani na mwanasarufi al-Sirafi kama mantiki inaweza kusimama bila sarufi ya lugha fulani. Maneno haya yamekuwa vinywani mwa Wakristo kwa zaidi ya miaka elfu. Ugumu halisi uko kwingine: sarufi kwa wanafunzi wetu imekuwa ngeli na viambishi tu, na balagha wanaijua kupitia swali la balagha, kana kwamba ni pambo. Anayeyatumia hapa hana budi kuyapanua, na kueleza kwamba ameyapanua.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba istilahi huwafuata watumiaji, nao wameshazoea hatua. Wamezoea kwa Kiingereza. Kiswahili bado hakijafunga mlango, na mkanganyiko wa wengine si urithi wetu. Gharama ya mkanganyiko huo huonekana mezani pa masomo. Mama mwenye watoto wa miaka 6, 10 na 14 akiamini hatua, atafundisha madarasa matatu: mdogo arundikiwe tarehe na majina, mkubwa ahesabiwe kuwa amemaliza sarufi. Akiamini stadi, wote watasoma kisa kimoja cha Yusufu na ndugu zake. Mdogo atakisimulia upya, wa kati atauliza kama Yusufu alifanya haki kujificha, na mkubwa ataandika hotuba ya Yuda anapojitoa kuwa mtumwa badala ya Benyamini, akirudia aya zilezile kila atakaposhuku maana ya neno. Na yule wa miaka 6 akiuliza kwa nini Yusufu alilia, ameshaingia katika mantiki, na mama hana sababu ya kumwambia angoje afikishe miaka 10.