Fahamu asili na maana ya wimbo 'Malaika'

Ukihudhuria harusi Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam, huenda ukausikia wimbo 'Malaika'. Wageni husimama, maharusi hucheza taratibu. Wachache hukumbuka kwamba wimbo wenyewe unahusu ndoa iliyoshindikana.

Unasema nini?
Kijana anampenda msichana na anataka kumuoa, lakini hana kitu mfukoni. Mahari imemshinda. Hamlaumu mpenzi wake wala wazazi wake, analia na umaskini tu. Anamfananisha binti na malaika, kisha na ndege mdogo anayemjia mawazoni kila mara.

Neno 'malaika' lenyewe limetoka Kiarabu. Kwa Kiswahili huitwa hivyo pia mtoto mchanga, hata vinyweleo laini vya mwilini. Ndiyo maana jina hilo linabeba upole mwingi kuliko sifa ya urembo peke yake.

Nani aliutunga?
Hapo ndipo penye utata. Mkenya Fadhili William na kundi lake la Jambo Boys ndio waliourekodi kwanza, karibu mwaka 1960, naye akatambulika kama mtunzi. Lakini Mtanzania Adam Salim alidai kuwa aliutunga akiwa Nairobi mwaka 1945, baada ya kumkosa mpenzi wake kwa sababu ya fedha. Wapo pia wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa.

Ulivukaje mipaka?
Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965, iliyoshinda tuzo ya Grammy. Boney M waliutoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaurudia mwaka 1991.

Kwa nini ubishi huo una uzito?
Wimbo ukiitwa wa asili, maana yake ni mali ya wote na hakuna wa kulipwa. Ukiwa na mtunzi, kila unaporekodiwa upya yeye anastahili mrabaha. Fadhili William alifariki mwaka 2001, na mjadala haukuzikwa naye.

Kwa hiyo wimbo wa kijana aliyekosa mahari umezaa pesa duniani kote, huku watu wakiendelea kubishana ni nani hasa aliyestahili kuzipata.