Kilabu Ndani ya Handaki

Juni 1954, serikali ya kikoloni nchini Kenya iliamua kwamba Wakikuyu, Waembu na Wameru wasiishi tena kila jamaa kwenye shamba lake. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952, na wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni walikuwa wakipata chakula na habari kutoka mashambani, mara nyingi kwa mikono ya wanawake. Dawa iliyopendekezwa ni kuwakusanya watu mahali pamoja. Kufikia mwisho wa 1955, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba za zamani zilichomwa au zikabomolewa. Kijiji kipya kilikuwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha, mnara wa ulinzi, kituo cha Homgadi, na saa za kutotoka nje. Wanaume wengi walikuwa kizuizini, msituni au kaburini. Waliobaki kukiendesha kijiji ni wanawake.

Na humo humo ndani ya handaki, alasiri, baadhi yao waliketi wakafundishwa kufuma sweta.

Tasnifu yangu ya uzamili inahusu alasiri hizo. Nikitaja mada hiyo watu hutabasamu. Kwao sweta si historia. Historia ni bunduki, kesi ya Kapenguria na mikutano ya Lancaster House. Lakini serikali yenyewe haikutabasamu. Iliviona vilabu vya wanawake kuwa silaha, ikaajiri watu wa kuvisimamia na kuviandikia ripoti.

Maendeleo ya Wanawake ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya Idara ya Maendeleo ya Jamii, iliyoongozwa na Thomas Askwith. Wazo lenyewe lilifanana sana na lile la vilabu vya wanawake wa vijijini huko Uingereza, Women's Institute, ambavyo vilikuwa vikikutana tangu 1915 kupika jamu, kushona na kusikiliza hotuba. Wanawake wa Kizungu ndio waliosimama mbele mwanzoni, wakiwemo wake wa maafisa. Viongozi Waafrika walipelekwa Jeanes School, Kabete, kisha wakarudi makwao kufundisha. Masomo yalikuwa kushona, kufuma, kupika, usafi wa nyumba, malezi ya mtoto. Hayana ubaya. Mtu yeyote aliyekulia Kenya amekalia kochi lililotandikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na amekaripiwa kwa kuvichafua. Ufundi huo ulipita katika misheni, shule na vilabu kama hivi.

Ubaya ulikuwa katika bei ya kuingia. Katika maeneo ya Hali ya Hatari, mwanachama alitarajiwa kuikana Mau Mau. Akishaikana, kulikuwa na cha kupata: maziwa, supu kwa watoto wenye njaa, mahali pa kumwacha mtoto mchana, mtu wa kutunza mayatima. Asiyeikana alibaki na kazi ya lazima, ambayo kwa kiasi kikubwa iliwaangukia wanawake. Walichimba mahandaki kando ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, wakatengeneza barabara, wakalima matuta, na muda wa kwenda shambani kutafuta chakula chao wenyewe ukawa wa kuibia. Mahali pengine wanachama wa kilabu walisamehewa kazi hiyo. Anayetaka kuzisikia siku hizo kwa sauti za wanawake amsome Muthoni Likimani, ambaye mwaka 1985 aliziweka katika umbo la hadithi kwenye kitabu chake Passbook Number F.47927.

Mfikirie basi mama mmoja. Mume yuko kizuizini na hakuna barua. Ana watoto watatu, wa mwisho tumbo limeanza kuvimba na nywele kugeuka rangi. Anajua wazi kwamba maziwa yako upande ule wa kijiji, na kwamba akienda kuyachukua, jirani yake anayeamkia handakini kila siku atamwona akipita na kikombe. Kijiji chenyewe ni kidogo, vibanda vimebanana, hakuna njia ya kujificha. Akienda, anamlisha mtoto. Akienda, pia anaitwa msaliti. Sidhani kama kuna mtu aliye salama leo mwenye haki ya kumtolea hukumu.

Ripoti za wakati ule zinapenda kuhesabu: vilabu vingapi mwaka huu, wanachama wangapi. Idadi ilipopanda, maafisa waliisoma kama ushahidi kwamba wanawake wameiacha Mau Mau. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Mahali ambapo maziwa yanapitia kilabuni, daftari la wanachama ni daftari la njaa. Na kiapo kinachokanwa mchana mbele ya afisa hakina mzani wa kukipima usiku.

Ila sipendi pia ule usomaji mwingine, unaotaka kila mwanachama awe mjanja aliyewachezea wakoloni shere. Wapo waliosimama upande wa serikali kwa moyo wao wote. Wapo waliokuwa na waume Homgadi na waliofaidika na kijiji jinsi kilivyokuwa. Wapo waliopenda kufuma tu. Kilabu kiliwaweka kwenye benchi moja na mama wa maziwa, na hakuna ripoti inayoweza kututenganishia.

Kitu kimoja maafisa walikisahau, au hawakutaka kukikumbuka: wanawake hawa hawakufundishwa kuungana. Ngwatio, desturi ya Wakikuyu ya kulimiana mashamba kwa zamu, ilikuwepo kabla ya Mzungu yeyote kufika na uzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wanawake waliochoka kuachwa nje ya siasa za wanaume waliunda chama chao, Mumbi Central Association. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a waliandamana hadi Fort Hall wakiimba na kucheza, kupinga kulimishwa matuta kwa lazima. Hali ya Hatari ilivunja yote hayo kwa kupiga marufuku mikusanyiko, kisha ikaruhusu mkusanyiko wa aina moja tu: ule wenye sindano. Kwa hiyo wakakutana hapo. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kitabu cha hesabu, na kazi hizo zote zilihitaji mtu wa kuzifanya.

Mwaka 1958 Phoebe Asiyo akawa rais wa kwanza Mwafrika wa Maendeleo. Uhuru ulipofika, wale wanawake wa Kizungu walikuwa wameshaondoka kwenye uongozi, na fedha za serikali zikawa haba. Ungetarajia vilabu vife. Vingine vilikufa, na juu kabisa, Nairobi, chama kiliendelea kusogelea wakubwa hadi mwaka 1987 kikaunganishwa na KANU. Sehemu hiyo ya hadithi inanichosha, na wengine wameiandika vizuri.

Kilichonishika ni vikundi vya mabati vya miaka ya 1960, huko huko Mkoa wa Kati. Wanawake walikwenda pamoja kulima mashamba ya watu kwa ujira, wakaweka hela, na zikitosha wanamwezekea mmoja wao nyumba kwa mabati badala ya nyasi. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Hiyo ni ngwatio ikiwa na kitabu cha hesabu. Wengi wao walikuwa wamewahi kuona nyumba zao zikichomwa.

Mbali na hapo, kwa Wataita ambao hawakutiwa katika vijiji vile vya mahandaki, wanawake wa Maendeleo wa Mraru walikuwa na shida ya namna yao. Basi la kwenda Voi lilipofika kwao lilikuwa limeshajaa, nao wakabaki barabarani na mazao yao, au na mtoto mgonjwa. Wakachanga kwa miaka kadhaa. Mwaka 1975 wakanunua basi lao wenyewe, na kwa faida yake wakajenga duka.