Kamera Isiyokwisha Kutengenezwa: Historia ya Programu Dhibiti na Utatuzi wa Hitilafu Zake

Kamera ya filamu ilipotoka kiwandani ilikuwa imekwisha kutengenezwa, kwa maana kwamba Leica M3 ya mwaka 1954 au Nikon F ya mwaka 1959 haikuweza kubadilishwa tabia baada ya kuuzwa isipokuwa kwa bisibisi, na fundi aliyeletewa kamera mbovu alitafuta springi iliyolegea, gia iliyokatika jino au grisi iliyokauka. Kamera ya dijiti ilivunja utaratibu huo, kwa kuwa sehemu kubwa ya tabia yake, tangu namna inavyolenga hadi rangi inazozitoa, haimo katika chuma wala kioo bali katika maagizo yaliyoandikwa ndani ya chipu, na maagizo hayo yanaweza kufutwa na kuandikwa upya miaka kadhaa baada ya kamera kununuliwa. Historia ya badiliko hilo ndiyo inayoeleza kwa nini kazi inayoonekana nyepesi, yaani kusasisha kamera kwa faili iliyopakuliwa, imezungukwa na masharti mengi, na kwa nini anayepuuza sharti moja tu huweza kubaki na kamera isiyowaka.

Maagizo hayo huitwa programu dhibiti. Dhana yenyewe ni kongwe kuliko kamera ya dijiti, kwani mwaka 1967 mtaalamu wa kompyuta Mmarekani, Ascher Opler, aliandika katika jarida la Datamation juu ya tabaka la katikati ambalo si gumu kubadilishwa kama saketi zilizochomelewa, wala si jepesi kama programu za kawaida anazoziweka mtumiaji, na jina alilolipa tabaka hilo ndilo linalotumika hadi leo katika lugha ya Kiingereza. Kwa muda mrefu tatizo lilikuwa mahali pa kuyahifadhi maagizo ya aina hiyo. Chipu za awali ziliandikwa kiwandani mara moja tu. Mwaka 1971 Dov Frohman wa kampuni ya Intel alibuni chipu iliyoweza kufutwa kwa miale ya urujuanimno iliyopitishwa katika kidirisha kidogo cha kwatzi, lakini kwa kawaida chipu hiyo ilibidi ing'olewe katika kifaa, ifutwe kwa taa maalumu, iandikwe kwa mashine nyingine, kisha irudishwe mahali pake, kazi ambayo mtu wa kawaida hakuweza kuifanya nyumbani.

Ufumbuzi ulitoka Japani. Mwaka 1984, katika mkutano wa wahandisi uliofanyika San Francisco, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliwasilisha kumbukumbu ya flashi, yaani chipu inayofutwa kwa umeme bila kung'olewa, tena kwa mafungu makubwa kwa mkupuo mmoja. Sifa hii ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kumbukumbu inayofutwa kwa mafungu haina budi kupitia kipindi, hata kikiwa kifupi, ambacho maagizo ya zamani yamekwisha kuondoka na mapya hayajakamilika kuandikwa. Umeme ukikatika katika kipindi hicho, kichakataji, yaani chipu inayotekeleza maagizo, hakikuti cha kutekeleza. Ndiyo maana takriban kila mtengenezaji husisitiza kwamba betri iwe imejaa, kwamba mlango wa kadi usifunguliwe na kwamba swichi isiguswe hadi kamera yenyewe itangaze kuwa imemaliza. Mafundi simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, wanaifahamu vyema hatari hii, kwa kuwa kazi wanayoiita kuflashi simu ni ndugu wa kusasisha kamera.

Njia ya kuyafikisha maagizo mapya ndani ya kamera ilifunguliwa na kadi ya kumbukumbu inayochomoka. Kamera ya kitaalamu ya Kodak ya mwaka 1991, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F3 na kutoa picha za megapikseli 1.3, ilihifadhi picha katika diski ya kompyuta iliyobebwa begani. Kadi ya CompactFlash ilipotolewa na SanDisk mwaka 1994, na kadi ya SD ilipotangazwa mwaka 1999 na Matsushita, SanDisk na Toshiba, chombo kile kile kilichobeba picha kutoka kwenye kamera kilianza pia kubeba maagizo kuingia kwenye kamera. Hapo mtengenezaji aliyeko Tokyo aliweza kurekebisha kamera iliyoko Mombasa bila kuiona.

Hata hivyo, watengenezaji hawakukubaliana juu ya utaratibu mmoja, na hitilafu nyingi zinazowakuta watumiaji zimezaliwa na ukosefu huo wa makubaliano. Canon ilitumia faili zenye kiishio cha FIR, Nikon ikatumia BIN, na Fujifilm ikatumia DAT. Katika kamera nyingi za Canon zinazobadilishwa lenzi, kipengele cha programu dhibiti huonekana katika menyu endapo tu gurudumu la juu limewekwa katika hali kama P au M, hivyo mtu aliyeacha kamera yake katika hali ya kujiendesha yenyewe huitafuta menyu hiyo bila kuiona na kudhani kwamba kamera ni mbovu. Katika kamera za Fujifilm ni lazima kitufe cha DISP/BACK kishikiliwe wakati kamera inawashwa. Nikon za miaka ya 2000, zikiwamo D70 na D300, zilikuwa na programu dhibiti mbili zilizotambulishwa kwa herufi A na B, kila moja na faili yake, na aliyesasisha moja akaisahau ya pili alibaki na kazi nusu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni la mahali pa kuweka faili. Kamera huhifadhi picha ndani ya folda iitwayo DCIM, kwa kufuata kanuni iliyokubaliwa na watengenezaji wa Kijapani mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kadi ya kamera moja isomeke katika nyingine, na mtumiaji anapoichomeka kadi kwenye kompyuta huiona folda hiyo kwanza na kuitumbukiza faili mle. Lakini maagizo madogo yanayoendesha usasishaji kwa kawaida huitafuta faili nje ya folda zote, katika ngazi ya juu kabisa ya kadi, na kwa jina lake kamili, wala hayachunguzi penginepo. Kwa hiyo faili iliyopakuliwa mara ya pili, ambayo kompyuta imeiongezea alama ya (1) mwishoni mwa jina ili isigongane na ile ya kwanza, kwa kamera huwa kama haipo. Umri wa kadi nao una historia yake: kamera iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2006, ulipotangazwa mfumo wa SDHC, kwa kawaida haisomi kadi inayozidi gigabaiti 2, na dawa ya ujumbe wa kosa katika kamera kama hiyo ni kadi ndogo ya zamani iliyofomatiwa ndani ya kamera yenyewe.

Mfano unaoonyesha vizuri kuliko mingine uwezo na hatari za usasishaji ni Canon EOS 5D Mark II, iliyotangazwa Septemba 2008. Kamera hii ya megapikseli 21 ilikuwa ya kwanza katika aina yake, yaani kamera ya kioo na lenzi za kubadilishwa yenye kihisi cha ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, kurekodi video ya mistari 1080. Punde baada ya kuuzwa, watumiaji waliona vidoa vyeusi pembeni mwa taa zilizopigwa picha usiku, na Januari 2009 Canon ilitoa toleo 1.0.7 lililoviondoa. Katikati ya mwaka huo toleo 1.1.0 lilimpa mtumiaji mamlaka ya kupanga mwenyewe mwanga wakati wa kurekodi video, mamlaka ambayo watengenezaji wa filamu walikuwa wameyadai tangu mwanzo.

Kasoro iliyobaki iliwagusa hasa wapigapicha wa Afrika Mashariki na wa Ulaya. Kamera hiyo ilirekodi fremu 30 tu kwa sekunde, wakati televisheni za Tanzania na Kenya zilifuata mfumo wa PAL wenye fremu 25. Isitoshe, umeme wa nchi hizi hubadilika mara 50 kwa sekunde, hivyo taa za mirija humeta mara 100, mwendo unaolingana na fremu 25 lakini unaopishana na fremu 30, na matokeo yake ni mistari ya giza inayopanda na kushuka katika video ya harusi au ya mkutano uliofanyika ukumbini. Mtu aliweza kubadilisha lenzi, taa na kadi bila kupata nafuu, kwa kuwa chanzo kilikuwa katika hesabu ya maagizo. Mwanzoni mwa Machi 2010 Canon ilitoa toleo 2.0.3 lililoongeza fremu 25 na 24, pamoja na uwezo wa kupanga kiwango cha sauti kwa mkono. Toleo hilo halikudumu, kwa sababu katika mpangilio fulani wa kamera sauti haikurekodiwa kabisa, na Canon ikaliondoa, kisha kabla mwezi haujaisha ikatoa toleo 2.0.4. Tukio hilo lilithibitisha jambo ambalo wapigapicha wengi wa kulipwa wamelishika hadi sasa, nalo ni kwamba kamera haisasishwi katika mkesha wa kazi, wala toleo jipya halipokelewi siku linapotoka. Fujifilm, kampuni inayosifiwa kwa haki kwa kuwakumbuka wenye kamera za zamani, kwa mfano ilipotoa mwaka 2013 toleo 2.00 la X100 ilhali mrithi wake alikuwa tayari sokoni, nayo ililazimika mwaka 2018 kusitisha toleo 4.00 la X-T2 kwa sababu ya hitilafu.

Si kila ugonjwa, hata hivyo, hutibiwa kwa faili. Canon EOS-1D Mark III ya mwaka 2007 ilipolalamikiwa kwamba inapoteza ulengaji ikiwafuata wanamichezo juani, matoleo kadhaa ya programu dhibiti yalitolewa, lakini mwishoni mwa mwaka huo kampuni ilitangaza pia marekebisho ya kioo kidogo cha ndani, kazi iliyohitaji kamera zirudishwe kwa mafundi. Miaka miwili kabla yake, Oktoba 2005, ilibainika kwamba vihisi vilivyotengenezwa na Sony na kufungwa katika kamera za kampuni nyingi, Canon, Nikon, Fujifilm na Konica Minolta zikiwamo, viliharibika katika joto na unyevu, picha zikatoka zimepinda au nyeusi kabisa. Hali hiyo ya hewa ndiyo ya Tanga, Lamu na Unguja mwaka mzima, na aliyesasisha kamera ya namna hiyo alipoteza muda wake, kwa kuwa waya zilikuwa zimeachia ndani ya kihisi. Busara ya fundi hapa ni kupima kwanza: hitilafu inayojirudia vilevile kwa kila kamera ya modeli hiyo hiyo, katika mpangilio ule ule, huelekeza kwenye maagizo, na ile inayokuja na kwenda kwa joto au kwa kutikiswa huelekeza kwenye vifaa.

Watumiaji nao hawakubaki wapokeaji tu. Canon EOS 300D, iliyouzwa mwaka 2003 kwa bei iliyo chini ya dola 1,000 za Marekani, ilikuwa imefungiwa baadhi ya uwezo ambao ndugu yake wa bei kubwa, 10D, aliruhusiwa kuutumia, na wadadisi wa Urusi waliyabadilisha maagizo yake wakaufungua. Baadaye programu ya CHDK ilizipa kamera ndogo za PowerShot uwezo wa kuhifadhi picha ghafi na kujipiga zenyewe kwa vipindi, na mwaka 2009 Trammell Hudson alianzisha Magic Lantern kwa ajili ya 5D Mark II. Uzuri wa CHDK ulikuwa katika tahadhari yake, kwani haikuyafuta maagizo ya kiwandani bali ilipakiwa kutoka kwenye kadi kila kamera ilipowashwa, hivyo aliyepatwa na tatizo aliichomoa kadi na kamera ikarudi kama ilivyokuwa. Watengenezaji wangejifunza mengi hapo, maana kamera zao nyingi humkataza mwenye mali kurudi kwenye toleo la nyuma hata pale toleo jipya linapomharibia kazi. Katazo hilo halina utetezi wa kutosha.

Tatizo linalokua sasa ni la kamera zilizofiwa na watengenezaji wake. Konica Minolta iliacha biashara ya kamera mwaka 2006, Kodak ikaacha kutengeneza kamera za dijiti mwaka 2012, Casio ikaacha kamera zake ndogo mwaka 2018, na kitengo cha kamera cha Olympus kikakabidhiwa kampuni nyingine Januari 2021. Kamera zao bado zinafanya kazi, nyingi zikiuzwa kwa mkono wa pili katika maduka ya Afrika Mashariki, lakini faili zake hutoweka kampuni inapofunga maktaba zake au kuzihamisha. Kampuni inayojiondoa sokoni inapaswa kuzikabidhi faili hizo kwa taasisi ya kumbukumbu badala ya kuziacha zipotee, na mwenye kamera ya zamani, fundi au makumbusho, asisubiri hitilafu itokee ndipo aanze kutafuta: apakue faili ya toleo la mwisho ingali inapatikana, aihifadhi pamoja na maelekezo yake, na aitunze kando yake kadi moja ndogo ambayo kamera hiyo inaweza kuisoma.