Ishara ilikuwa mguuni siku zote

Kwetu Kamsamba, mtoto akizaliwa, bibi hatulii mpaka ahesabu vidole. Mikononi kumi, miguuni kumi, basi, tunamshukuru Mungu. Kumbe kuna ugonjwa ambao hesabu inatimia, lakini jibu limekaa kwenye umbo la vidole viwili tu: vidole gumba vya miguu.

Unaitwa fibrodisplasia osifikansi progresiva, kwa kifupi FOP. Ni ugonjwa wa jeni unaofanya misuli na kano zigeuke kuwa mfupa. Mtoto huzaliwa na vidole gumba vya miguu vifupi, vilivyopinda kuelekea vidole vingine. Anaweza kukua vizuri kwa miaka kadhaa. Halafu, mara nyingi kabla ya kufikisha miaka 10, unatokea uvimbe wenye maumivu shingoni au mgongoni. Uvimbe ukiisha, unaacha mfupa. Shingo inakakamaa, kisha mabega, viwiko, nyonga na magoti. Ulimi, moyo na misuli ya macho haiguswi.

Mwaka 1736, John Freke, daktari wa upasuaji wa London, aliandika habari za kijana wa miaka kama 14 aliyekuja kutibiwa uvimbe mgongoni. Alieleza mifupa iliyoota na kuungana kama matawi ya matumbawe. Aliuona mgongo vizuri kabisa. Ila ilipita zaidi ya karne moja ndipo madaktari wakahusisha mifupa hiyo na vidole vya miguu.

Kutojua huko kuliwagharimu watu. Harry Eastlack, aliyezaliwa Marekani mwaka 1933, alivunjika mguu akiwa mtoto mdogo, na baadaye mifupa mipya ikaanza kuota. Madaktari walimpasua mara kadhaa wauondoe. Kila walipokata, mfupa ulirudi, tena mwingi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu kwenye FOP jeraha lenyewe ndilo linaloamsha mfupa: kuanguka, upasuaji, kukata kinyama cha kupima kansa, hata sindano ya kwenye msuli. Alifariki 1973, siku chache kabla ya kutimiza miaka 40, akiwa ameomba mifupa yake ibaki kwa ajili ya utafiti. Leo iko Makumbusho ya Mütter, Philadelphia.

Mwaka 2006, timu ya Frederick Kaplan na Eileen Shore ilipata chanzo: herufi moja tu imebadilika kwenye jeni ya ACVR1. Jeni hiyo hutengeneza kipokezi kinachopokea amri ya kujenga mfupa. Kikiharibika, kinafanya kazi hata pasipo amri ya kweli. Mara nyingi badiliko hilo huanza kwa mtoto mwenyewe, wazazi wakiwa hawana. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, si mama, si ukoo.

Makadirio ni kama mtu mmoja kwa kila milioni moja. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.3 mkoani Songwe. Yaani huenda yupo mmoja kwetu, anaambiwa ana kansa, au karogwa, au anachanjwa chale pale penye uvimbe.

Hii si sababu ya kukwepa chanjo za watoto. Ni sababu ya kumwambia mkunga au daktari mapema ukiona vidole hivyo, kabla hajachoma wala kukata. Bibi aendelee kuhesabu. Tumuombe tu, akimaliza, aviangalie tena vile viwili vikubwa.