Korgi, Mchungaji wa Visiginoni

Katika sheria za kale za Wales, zinazonasibishwa na mfalme Hywel Dda wa karne ya 10, mbwa wa ng'ombe alihesabiwa kuwa na thamani ya maksai, maadamu mwenyewe pamoja na jirani yake waweze kuapa kwamba hulitangulia kundi asubuhi na kulifuata nyuma jioni lirudipo zizini. Sheria hazikutaja umbo lake, na wapenzi wa korgi washikiliao kuwa ndiye huyo husema kwa mapenzi zaidi kuliko kwa ithibati.

Asili ya korgi imezungukwa na riwaya nyingi. Baadhi hudai kwamba aliletwa na wafumaji wa Flanders waliohamia Pembrokeshire mwanzoni mwa karne ya 12, wengine kwamba alikuja majahazini pamoja na watu wa kaskazini, kwa kuwa Sweden nako yuko mbwa mfupi wa ng'ombe anayefanana naye sana. Na wakulima wenyewe, ambao hadithi yao ni tamu kuliko zote, husema kwamba majini wadogo wa msituni ndio waliompanda, na alama ya tandiko ingali mabegani mwake.

Yasiyo na shaka ni maungo yake: kimo cha sentimita 25 hadi 30 begani, kifua kipana, masikio yaliyosimama, na miguu mifupi ambayo ajinabi huidhania kilema. Mwaka 2009 wanasayansi walibainisha kwamba ufupi huo, anaoshiriki na mbwa wa namna ya dakishundi, hutokana na nakala ya ziada ya jeni moja. Ama mchunga ng'ombe hakuhitaji jeni kuujua uzuri wake. Korgi hamkodolei macho ng'ombe wala hazunguki kwa mbali kama afanyavyo mbwa wa kondoo. Humwendea nyuma, akamuuma kifundoni, na papo hapo akalala bapa juu ya nyasi, teke likapita hewani juu ya kichwa chake, kisha akainuka na kuuma tena, ilhali mbwa mrefu angalivunjwa taya.

Ziko koo mbili, ya Cardigan yenye mkia mrefu na ya Pembroke ambayo aghalabu mkia wake ni mfupi au ulikatwa. Zilipoanza kuonyeshwa katika mashindano ya mwaka 1925 zilihukumiwa pamoja, jambo lililozusha manung'uniko mengi na, kwa maoni yangu, ya haki, hata zikatenganishwa mwaka 1934.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Pembroke aitwaye Dookie alikuwa ameingia katika nyumba ya Duke wa York, na binti yake Elizabeth, aliyekuja kuwa malkia wa Uingereza, alipotimiza miaka 18, mwaka 1944, akatunukiwa Susan, bibi wa ukoo mrefu wa mbwa waliomfuata malkia huyo katika makasri yake. Susan alikwenda hata fungate mwaka 1947. Lakini mazulia na taadhima havikuiondoa silika ya malishoni, kwani watumishi walijifunza kutazama chini watembeapo, na miongoni mwa waliong'atwa alikuwamo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzitia ufunguo saa za kasri.