Mizani ya Archimedes

Archimedes wa Sirakusa, aliyeuawa mwaka 212 KK Warumi walipouteka mji wake, alimwandikia Eratosthenes wa Aleksandria waraka unaoeleza jinsi alivyoyapata majibu kabla ya kuyathibitisha. Kwa fikra tu, alilikata tufe, yaani umbo la mviringo kama mpira, katika vipande vyembamba mno, akavitundika pamoja na vipande vya pia, umbo la duara lenye ncha, kwenye mkono mmoja wa wenzo, ambao ni ufito unaoegemea nukta moja, na upande wa pili akaweka vipande vya mcheduara, umbo kama mkebe, mpaka pande zikalingana. Ndipo akabaini kwamba ujazo wa tufe ni 2/3 ya ujazo wa mcheduara ambao tufe hilo linaenea ndani yake barabara. Hata hivyo, hakuuhesabu upimaji huo kuwa uthibitisho, kwani huo aliutafuta kwa jiometria, akisisitiza kuwa ni rahisi zaidi kuthibitisha jambo ambalo mtu amekwisha kupata fununu yake. Uaminifu huo wa kuonyesha njia, wala si matokeo peke yake, ni nadra hata leo. Inasikitisha kwamba nakala ya waraka huo ilikwanguliwa katika karne ya 13 ili ngozi yake iandikwe sala, na wanahisabati wa Ulaya waliobuni upya hesabu za namna hiyo hawakuuona, kwa kuwa haukusomwa tena hadi mwaka 1906, mwanazuoni Johan Ludvig Heiberg alipousoma huko Constantinople.