Hitilafu ndogo za umeme katika gari kuukuu: Pima kwanza, kisha ununue

KATIKA maboma mengi ya Kitale na Bungoma, kando ya ghala la mahindi, hukosi kuona gari kuukuu ambalo mwenyewe hulienzi kuliko lile jipya analoendea kazini. Huenda ni Land Rover ya shambani, Datsun ya kubebea mizigo, Volkswagen Beetle au Peugeot 504.

Mapenzi hayo yana sababu. Peugeot 504 ilishinda mbio za Safari Rally mwaka wa 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson wa Uswidi, na ikarudia ushindi huo 1978 kupitia kwa Jean-Pierre Nicolas wa Ufaransa.

Hata hivyo, magari haya yana maradhi yao ya uzee, na mojawapo ni umeme. Taa hufifia, indiketa hugoma, honi hunyamaza, na asubuhi gari hukataa kuwaka.

Mwenye gari hukimbilia kununua betri, alternata au stata mpya, akatumia maelfu ya shilingi, na hitilafu ikabaki pale pale. Aghalabu kilichoharibika si kifaa, bali ni mahali vifaa vinapoungana: tamino iliyoota ukungu wa asidi, fyuzi iliyolegea au waya uliopata kutu.

Kazi hii mtu aweza kuifanya mwenyewe nyumbani, mradi azingatie kanuni moja: apime kabla ya kununua.

Umeme unavyozunguka

Umeme wa gari hutoka kwenye ncha chanya ya betri, ukapitia swichi na fyuzi hadi kwenye taa au honi. Kutoka hapo haurudi kwa waya wa pili. Hurudi kwenye ncha hasi kupitia chuma cha bodi ya gari lenyewe.

Kwa hivyo, bodi ni nusu ya njia ya umeme. Panapoota kutu kati ya waya na bodi, taa hukosa nguvu hata kama betri ni mpya.

Jambo hili ni zito kwa wakazi wa Kitale. Mji huo uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake huendelea kwa miezi mingi ya mwaka. Matope yanayorushwa na magurudumu hujibana chini ya madigadi, palepale nyaya nyingi zinapofungiwa kwenye bodi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: mita ya kupimia umeme, msasa mwembamba, spana, bisibisi, playa, tepu ya umeme na fyuzi za akiba.

Anza na betri

Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha gari. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2, imebakisha takriban nusu. Ikiwa chini ya 12, imekwisha nguvu.

Kisha washa injini na upime tena. Mita ikisoma kati ya 13.8 na 14.4, alternata inafanya kazi. Ikisalia chini ya 13, betri haichajiwi: chunguza ukanda wa alternata na nyaya zake kabla ya kulaumu betri.

Iwapo tamino zina ukungu mweupe au wa kijani, zima injini na uzifungue. Anza na waya unaokwenda kwenye bodi, na wakati wa kurudisha, uufunge huo mwisho. Hivyo spana ikigusa bodi haitapiga shoti.

Katika magari mengi waya huo ni wa hasi. Lakini wenye Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 wawe waangalifu, kwani katika nyingi ya hizo ni chanya inayofungwa kwenye bodi. Anayegeuza betri bila kujua huweza kuunguza redio na vifaa vingine.

Osha tamino kwa maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi, ambayo huua asidi. Usiruhusu maji hayo kuingia ndani ya betri. Zikaushe, zisugue kwa msasa hadi zing'are, zikaze, kisha uzipake mafuta ya kujipaka ili kuzuia unyevu.

Usivute sigara wala kuwasha kiberiti hapo. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Fyuzi si mahali pa kubahatisha

Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Magari yenye fyuzi bapa za plastiki hutumia rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20 na kijani 30.

Hesabu yake ni rahisi. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, utapata ampea 9 na ushei. Njia hiyo haihitaji fyuzi ya ampea 30.

Baadhi ya madereva hufunga fyuzi iliyoungua kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au kwa kipande cha waya. Taa huwaka, nao hufurahi. Lakini siku waya uliochunika utakapogusa bodi, kitakachoyeyuka si fyuzi bali ni nyaya zenyewe, karibu na petroli.

Fyuzi mpya ikikatika mara tu unapoiweka, usiongeze ukubwa. Tafuta waya uliochunika. Chunguza hasa mahali nyaya zinapopenya kwenye bati, kwenye bawaba za buti, na palipoguguniwa na panya. Gari linaloegeshwa kando ya ghala la mahindi halikosi wageni hao.

Taa zinazofifia

Washa taa za mbele. Weka ncha moja ya mita kwenye tamino ya betri inayofungwa kwenye bodi, na nyingine kwenye waya wa taa unaorudi kwenye bodi. Mita ikisoma volti 0.2 au chini, njia ni safi. Ikikaribia 0.5 au kuzidi, mahali hapo pana kutu.

Fungua skrubu ya waya huo, sugua chuma hadi king'are, ukaze tena na upake mafuta. Balbu inayopata volti 10.5 badala ya 12 hupoteza zaidi ya theluthi moja ya mwangaza wake. Kipande cha msasa huweza kuurejesha bila kununua chochote.

Indiketa ikipepesa kwa namna isiyo ya kawaida upande mmoja tu, huenda balbu moja imeungua. Taa ya breki ikiwasha indiketa pia, waya wa bodi wa taa za nyuma ndio wa kushukiwa kwanza.

Betri inayokufa usiku

Zima kila kitu na ufunge milango. Fungua waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, kisha uunge mita, ikiwa kwenye kipimo cha ampea 10, kati ya waya huo na betri. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, kwani itaungua.

Ikisoma zaidi ya ampea 0.05, kuna kinachonyonya. Ondoa fyuzi moja baada ya nyingine. Ile itakayoshusha kipimo ndiyo yenye mwizi.

Balbu ya wati 5 iliyosahaulika ndani ya buti hunyonya takriban ampea 0.4. Betri ya ampea-saa 45 itapoteza nusu ya nguvu zake kwa muda unaozidi kidogo siku mbili.

Mahali pa kuachia fundi

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au waya ukiwa moto, zima gari, tenganisha betri na umwite fundi wa umeme. Aidha, katika magari ya miaka ya 1990 na baadaye, usiguse nyaya za mifuko ya hewa, ambazo kwa kawaida hufunikwa kwa manjano. Mfuko unaofumuka ghafla huweza kujeruhi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha Bungoma, huwa na bodaboda, waendao kwa miguu na matrekta ya miwa ambayo si yote yenye taa.

Kabla ya safari ya jioni, lizunguke gari taa zote zikiwa zimewashwa, na umwombe mtu akanyage breki ukiwa nyuma. Ni kazi ya dakika mbili.